Kiwiko cha Mama Feza

Papa Assumani, seremala, alikibuni kile kiti cha mikono mipana kwa ajili ya nyumba za watafiti wa Yangambi, zamani za Wabelgiji. Cha kwanza kabisa alimpa mkewe, Mama Feza, naye akakikalia miaka kumi na tano, shavu kiganjani, kiwiko pale pale, hadi alipofariki. Mwaka 1974 karakana moja ya Simi-Simi ikataka kutengeneza viti vingine vya aina hiyo, ikaazima hicho cha nyumbani kiwe mfano.

Papa Assumani alipoitwa kuvitazama, alikuta viti kumi na viwili vimepangwa ukutani, vinanuka vanishi. Akapitisha kiganja juu ya mkono wa kimoja, akashtuka: kishimo. Akagusa cha pili, nacho kinacho. Mafundi walikuwa wamechonga hata pale mbao ilipolika kwa kiwiko cha marehemu!

"Papa, tulifwata mufano bien," akasema msimamizi wao. "Ao tulikosea?"

"Hapana. Iko vile vile."

Wakamwomba aketi, wamwone mwenye kiti. Akakataa katakata. Akabaki amesimama mbele ya viti kumi na viwili, kila kimoja kikimngoja Feza.