Kichwa cha Mti cha Baba Mdogo

Bi Kofia alikuwa mshona kofia, binti wa mshona kofia, na maringo yake hakuyaazima kwa mtu. Kofia zake alizilowesha kwa wanga, akavivalisha vichwa vya mti alivyochonga marehemu babake, zikakauka zimesimama wima. Vichwa hivyo vilijaa rafu nzima. Kile kidogo cha mwisho kiliitwa cha watoto.

Mjukuu wake, Chiriku, alizaliwa na kichwa kidogo, na hata alipoanza kutembea kilikataa kufuatana na mwili. Daktari akawapima damu wazazi wote wawili, akaeleza taratibu.

"Chembe ya mwili ikitaka kugawanyika iwe mbili, kuna vinukta viwili vinavyovuta nyuzi, kimoja huku, kimoja kule. Iko jeni inayoviweka sawa. Ikiwa na kasoro, chembe za ubongo hazizaliani za kutosha mtoto akiwa tumboni. Chiriku amerithi kasoro hiyo kwa baba na kwa mama. Anayerithi kwa mzazi mmoja tu haumwi wala hajijui."

"Kwetu hakuna," Bi Kofia alidakia kabla hajaulizwa.

Maneno hayo yalimfikia wifi yake, dada wa marehemu mumewe, akayapokea kwa mikono miwili. Akatuma salamu kwamba anakuja kumrudisha mama yake Chiriku kwao, maana ndiye aliyeleta mkosi. Baba yake Chiriku, kijana wa Bi Kofia, alikuwa mpole kupita kiasi. Mbele ya shangazi sauti humpotea.

Asubuhi ya kikao hicho na wifi, Bi Kofia alikuwa akikivalisha kile kichwa kidogo kofia ya Chiriku. Kidole chake kikaingia kwenye kibonyeo juu ya sikio. Akasita. Nani atajisumbua kumchongea mtoto kichwa cha mti? Mtoto hukua, mti haukui. Ndipo akamwona tena akilini Baba Mdogo, ndevu nyeupe, akifagia karakana huku akicheka peke yake, na kovu lake lililobonyea juu ya sikio. Bi Kofia mwenyewe, angali msichana, ndiye aliyekuwa akimshika mkono kumpeleka bombani.

Alijua wifi atamcheka mpaka kaburini. Akakibeba kichwa kile, kofia na yote, akakitua mezani mbele ya wageni.

"Wifi, unakijua hiki?"

"Si cha watoto hicho?"

"Hata mimi nimesema hivyo miaka nenda miaka rudi. Ni cha Baba Mdogo, ndugu yake baba. Alizeeka na kichwa cha kipimo hiki."

Wifi akajiegemeza kitini. "Kumbe ni nyinyi. Na unavyotutambia."

"Ni sisi. Na ni kwao mkwe wangu pia, daktari kasema pande mbili. Ukimrudisha huyu kwao, nirudishe na mimi kwetu. Ila tafuta gari kubwa, naondoka na cherehani na vichwa vyote."

Kijana akacheka, kisha akakohoa kidogo. "Shangazi, mke wangu haendi popote."

Chiriku alikuwa ameshaivua kofia kwenye mti na kuivaa. Akamwendea shangazi mtu, akamwegemea magotini. Yule mama akaitazama kofia.

"Imebonyea upande," akasema, akanyoosha mkono airekebishe.

"Iache," akasema Bi Kofia. "Ndivyo ilivyoshonwa."