Matawi ya Baba Mkwe

Baba mkwe wangu hajawahi kuniangalia usoni, na uso wake mimi nimeuona kwenye picha tu. Kwao, upande wa Rungwe, mkwe wa kike na baba wa mume hawakutani. Siku hizi wengi wameacha, wanakaa sebule moja wanaangalia taarifa ya habari, lakini yeye ni mtu wa zamani na mimi nilimkuta hivyo. Wiki yangu ya kwanza ukweni nilikuwa natoka bombani na ndoo kichwani, nikaona mzee anakuja kwa mbali, mara akajirusha ndani ya mahindi. Nikadhani kaona nyoka. Nikatupa ndoo, nikakimbilia upande wa pili napiga kelele. Mume wangu alicheka mpaka akakaa chini. "Nyoka ni wewe," akaniambia.

Mimi ni Mhehe wa Iringa. Kwetu mkwe unapiga goti, unasalimia, yamekwisha. Mwanzoni ile desturi iliniudhi kweli kweli. Nikamuuliza mume wangu, kwani baba yako ananiona mimi uchafu? Akasema hapana, ni heshima, tena heshima kubwa. Mzee anamkimbia yule tu ambaye ni mkwe wake. Wanawake wengine wote wa kijiji anawasalimia na kuwatania. Basi kwa miaka tisa, kila tulipokwenda kwao, yeye akanikimbia mimi, mimi nikamkimbia yeye, na ikanoga. Akiwa na neno kwangu alilipitisha kwa mtu, hata kama mimi nimesimama nyuma ya ukuta nasikia kila kitu.

"Mwambie mkwe wangu chai ilikuwa nzuri."

Mume wangu anageukia ukuta: "Anasema chai ilikuwa nzuri."

"Mwambie baba asante."

Kisha mume wangu akafa. Aliamka asubuhi, Iringa tulikokuwa tunaishi, akaingia bafuni, akadondoka. Naisema hivi kwa sababu ndivyo ilivyokuwa na sina namna nyingine ya kuisema. Tulimzika kwao. Sikulia. Watu waliona kwamba silii, na wapo waliosema. Hawakujua kwamba nilikuwa nimeshikwa na ganzi mwili mzima, kama mguu uliokaliwa, ila mguu ukiunyoosha hurudi. Mwaka mzima nilikwenda kazini, nikapika, nikafua, na kila aliyeniambia jambo nilimjibu "sawa."

Mwaka ulipotimia wifi yangu akapiga simu. Ni dada wa mume wangu, mfupi, mnene, mwenye maneno kuliko redio. Siku hiyo aliongea polepole. Ukoo umekaa, akasema. Wameona wewe bado mwanamke mdogo, hamkujaliwa mtoto, si vizuri uendelee kufungwa na nyumba ambayo mwenyewe hayupo. Baba amekubali kukusalimia.

Nilielewa. Siku mzee akinitazama usoni na kuniambia hujambo, mimi si mkwe wake tena. Nitakuwa mama fulani wa Iringa aliyewahi kufika pale. Kwa kuwa sikuwa na mtoto, hapakuwa na uzi mwingine wa kunishika na ile nyumba.

"Sawa," nikasema.

Mzee alitaka afanye hivyo juu mlimani. Kila mwaka yeye na mwanawe walipanda safu ya Uporoto, nyuma ya nyumbani kwao, wakalala njiani, na Jumapili wakafika kwenye jiwe ambalo ukikaa juu yake unaona pande zote mbili za nchi. Mume wangu alikuwa akirudi kutoka huko na miguu imechubuka, mwenye furaha, hana habari. Mimi sikuwahi kwenda. Nani anapanda mlima kwa hiari?

Tulianza Jumamosi asubuhi, jua kali, mbingu safi. Mzee alikuwa ametangulia nusu saa ili tusikutane. Mimi na wifi tulimfuata, na njia alituonyesha hivi: kila penye njia panda alikata tawi bichi akalilaza kwenye njia isiyo yetu. Unaona majani, unajua huko siko. Yalinikumbusha matawi wanayotandaza madereva lori likiwafia kwenye kona za Kitonga. Tawi la kwanza lilikuwa la mkaratusi. La pili lilikuwa la mti nisioujua, na lilikuwa bado linatoa utomvu.

Wifi alivaa kandambili na kubeba mwavuli, akalalamika tangu mashamba ya viazi mpaka kwenye pareto. Tulipoingia kwenye mianzi akanigeukia. "Wewe Mhehe, angalia mbele. Mianzi hii haina ulanzi, ile pombe yenu."

Ingekuwa zamani ningemjibu mpaka akakoma. Nilisema tu, "Sawa, wifi." Akanitazama, akanyamaza, na wifi yangu kunyamaza si jambo dogo.

Hali ya hewa ya kule haina adabu. Mchana jua, saa nane ukungu, saa tisa mvua ya upande upande inayoingia mpaka masikioni, saa kumi jua tena kana kwamba hakuna kilichotokea. Nililowa, nikakauka, nikalowa. Sikuhisi tofauti. Tulilala kwa shangazi yao anayeishi huko juu, mzee akalala nyumba ya jirani. Asubuhi nilisikia kikohozi chake akipita nje kuanza safari, nikasimama nyuma ya mlango mpaka kikaisha. Nikajiuliza, kesho akikohoa nitajificha wapi? Au nitamfungulia mlango tu, kama mgeni yeyote?

Jumapili ilianza vizuri. Tukapanda saa mbili hivi, tukafuata matawi. Halafu ikaja mvua ya mawe. Ilitupiga vichwani na mabegani, mwavuli wa wifi ukageuka nje ndani, tukakimbilia kibanda cha mtu anayelinda viazi vyake dhidi ya nguruwe. Mawe yalipokatika wifi alikuwa amenyoosha miguu, anajikanda magoti.

"Mpanda ngazi hushuka," akasema. "Mimi nimeshashuka. Nenda, jiwe haliko mbali, na matawi yapo. Baba anakungoja."

"Peke yangu?"

"Ni salamu tu, wifi. Haiumi." Kisha akageuza uso, akajifanya anakunja mwavuli.

Nikaenda. Njia ilikuwa nyeupe kwa barafu na inateleza. Tawi, kulia. Tawi tena, kushoto. Ukungu ukashuka mpaka sikuziona raba zangu. Nikafika njia panda, nikainama kutafuta tawi, halipo. Nikapapasa njia ya kushoto, nikapapasa ya kulia. Barafu na matope tu.

Ningeweza kuita. Lakini ningemwitaje? Tangu niolewe sijalitamka jina lake. Na nikiita atashuka, atanikuta, atasema hujambo binti, kama anavyowaambia wanaouza ndizi barabarani, na basi. Nilisema "sawa" kwa sauti, peke yangu pale kwenye ukungu. Neno halikutoka vizuri. Nikalisema tena, likakwama kabisa. Ndipo nikajua kwamba sitaki. Mwaka mzima sikuwa nimetaka kitu wala kukataa kitu, na sasa nilikuwa nimesimama kwenye matope nimefumba ngumi, nakataa. Sitaki kusalimiwa. Niliogopa hasa.

Nikasikia kikohozi, na buti za mvua zikija. Upepo ukavuta ukungu mara moja kama mtu anavyovuta pazia, na mzee akawa mbele yangu hatua kama kumi, koti jeusi, kofia, tawi mkononi.

Miguu yangu ilitoka njiani yenyewe. Sikuituma. Nikajikuta nimechuchumaa kwenye majani yaliyolowa, nimempa mgongo, nimejifunika kitenge kichwa kizima. Buti zikasimama. Nikangoja hujambo. Nilisikia anavuta pumzi, mzee wa watu amepanda mlima siku mbili kwa ajili ya neno lile moja, na mimi ndiye niliyesema sawa kwenye simu.

"Mwambie mkwe wangu," akasema, "njia ni ya kulia. Hii ya kushoto imebomoka. Tawi langu limechukuliwa na mvua."

Hapakuwa na mtu pale. Wifi alikuwa kibandani na magoti yake. Nikangoja kidogo, kwa mazoea tu, ule muda wa mtu kugeuka na kunieleza baba kasema nini. Alikuwa akichukua muda huo huo kila mara, mume wangu, anasafisha koo kwanza kana kwamba sikusikia.

"Mwambie baba," nikasema, "nimesikia."

Na hapo nikalia. Sikulia kwa staha. Nililia kwa sauti kama ng'ombe, kitenge mdomoni, kamasi, kila kitu, mwaka mzima kwa mara moja. Iliuma. Iliuma vibaya sana, na sikutaka iache. Mzee hakuondoka na hakusogea. Mvua nyembamba ilianza tena, nikaisikia inagonga kofia yake.

Kilio kilipopungua akasema, "Mwambie asijikaze. Aje taratibu, ndizi ziko kwenye jiwe."

Nikasikia analaza tawi kwenye njia ya kushoto, kisha buti zikapanda. Nilipofika kwenye jiwe hakuwepo. Palikuwa na ndizi za kuchemsha kwenye mfuko na chupa ya chai. Nikakaa, nikala zote. Upande mmoja wa nchi ulikuwa na jua na mwingine sikuuona.

Kibandani wifi aliyatazama macho yangu yaliyovimba, akaniwahi. "Amekusalimia?"

"Hapana."

"Mzee huyu! Sasa ukoo tutauambia nini?"

"Waambie ukungu ulikuwa mwingi."

Tuliteremka tukiyafuata matawi yaleyale, yameanza kunyauka. Nimesharudi huko mara tatu tangu siku ile. Hadi leo baba mkwe wangu hajanisalimia.