Ngumi ya Mkunga

Mkunga wa zahanati ya huko juu Suji ana vidole vifupi, vinene, na mdomo ambao hata mchungaji wake ameukatia tamaa. Kila mume anayesitasita mkewe apelekwe hospitali, yeye humuuliza, "Kumpa mimba uliomba ruhusa kwa nani?" Koleta alipojifungua na damu ikagoma kukata, baba mkwe akataka kwanza ukoo ukae kikao. "Shikamoo, mzee," mkunga akasema. "Marahaba utanijibu tukirudi." Akampakia Koleta kwenye pikapu ya tangawizi, akapiga magoti kando yake, akamkandamiza tumbo kwa ngumi kuzuia damu mpaka hospitali ya Same, akimtukana dereva kila kona ili yeye mwenyewe asipate nafasi ya kulia. Koleta alipona. Mkunga akaletewa chai, lakini vidole vilikataa kukunjuka. "Ninywesheni basi," akafoka, "mnashangaa nini?"