Zamu ya Baba Neema

Juzi binti yangu alikuwa akicheza vita mtandaoni, mchezo ukaganda. "Mama, mtandao unasumbua!"

Nikaisikia tena harufu ya grisi ya stesheni yetu ya reli ya utotoni, Kilosa, alikofanya kazi baba. Baba alikuwa akicheza drafti kwa simu ya reli na Baba Neema wa stesheni ya jirani, kila mmoja na ubao wake na vizibo vya soda kama kete. Mchana mmoja, ikiwa zamu ya Baba Neema kucheza, simu ilinyamaza. Nilipangusa betri ya simu kwa gauni langu.

"Baba, laini mbovu."

"Anafikiria," alisema, akikunja bahasha ya kaki.

Nililinda vizibo visisogezwe mpaka jioni. Kumbe laini ilikuwa nzima. Baba Neema alikuwa amepunguzwa kazi asubuhi, na barua ya kumpunguza baba pia ilikuwa kwenye bahasha ile.