R ya Mwalimu Ingia

Mkata tiketi wa basi la Mikumi alicheka mpaka akavua kofia. Mbele ya dirisha lake, pale stendi ya Kilosa, alisimama msichana wa Kizungu, mrefu, mkoba mgongoni, akiomba tiketi ya kwenda Ulaya.

"Dada, Ulaya si ndiko ulikotoka?"

Msichana akatoa barua na kuonyesha kwa kidole: Ulaya, wilaya ya Kilosa. Mwalimu Magreti, aliyetumwa na mwalimu mkuu kuja kumpokea, alisimama pembeni akitazama. Alitaka kwanza kumjua mgeni ni mtu wa namna gani. Mgeni hakukasirika wala hakucheka. Alitoa daftari dogo akaandika jambo. Magreti akajisemea, huyu ni wa kuandika, tutaona.

Hiyo ilikuwa Juni, 1975. Mgeni aliitwa Ingegerd, miaka ishirini na miwili, akisomea ualimu nchini kwao Uswidi, na chuo chake kilikuwa kimemleta afanye mazoezi ya kufundisha miezi mitatu katika shule ya msingi ya kijiji kimoja cha ujamaa, mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka Ulaya. Jina lake lilimshinda kila mtu. Mwenyewe akasema aitwe Inge tu. Watoto wakalisikia, wakalirekebisha, na siku ya tatu alikuwa Mwalimu Ingia. Akipiga hodi kwa mtu, jibu na jina vikawa kitu kimoja, na kijiji kilicheka wiki nzima.

Magreti naye alikuwa na miaka thelathini na mmoja, binti wa katekista kutoka milima ya Ukaguru, mtu aliyelelewa kwa kengele: ya kanisa, ya shule ya misheni, ya bweni. Maneno yake yalikuwa machache, na kosa la tahajia hakulisamehe upesi. Aliolewa na Filipo, fundi seremala, na mwaka wa pili wa ndoa Filipo akapata kazi Tabora. Miaka saba ilikuwa imepita. Filipo alikuja Krismasi, na alikuja msiba ukitokea. Magreti alibaki na watoto wawili na mama mkwe wake, Paulina, katika ua mmoja, nyumba mbili zikitazamana.

Wiki za kwanza mgeni alikuwa na kazi ya kujifunza kuishi. Asubuhi watoto walipokimbia mchakamchaka, alikimbia nao, akawapita wote, mpaka mwalimu mkuu akamwambia kwamba mwalimu hukimbia nyuma. Alipoonyeshwa darasa la tatu, watoto sabini na wanane, alidhani shule nzima imekusanywa kumsalimia. Alikuwa wa mkono wa kushoto, na siku ya kwanza alipomnyooshea mtoto chaki kwa mkono huo, mtoto alibaki ameduwaa, hajui apokee au akimbie.

"Kuandika, andika nao," Magreti alimwambia. "Kumpa mtu kitu, hapana."

"Na jembe?"

"Jembe hulijui kwa mkono wowote. Wewe shika tu."

Vipindi viwili vya mwisho vilikuwa vya kupalilia pamba. Mgeni akauliza somo hilo linaitwaje, apate kuliandika. Magreti akamjibu kuwa linaitwa shamba. Kila Ijumaa alikuwa akijaza fomu ya chuo kueleza maendeleo ya mgeni, na kila Ijumaa aliandika neno moja, anajitahidi. Hakumpenda sana wala hakumchukia. Kwake mgeni alikuwa kazi iliyoongezwa juu ya kazi.

Saa kumi jioni lilianza darasa la kisomo cha watu wazima. Serikali ilikuwa imetangaza kwamba mwezi wa Agosti watu wazima nchi nzima watafanya mtihani wa kusoma na kuandika, na kijiji kilikuwa na wanafunzi ishirini na sita, wengi wao wenye wajukuu. Siku mgeni alipoingia darasani humo mara ya kwanza, wazee wote walisimama kumwamkia mwalimu. Mwalimu akawawahi, "Shikamooni!" Wakaitikia "Marahaba" hali wamesimama, kisha wakatazamana, hawajui tena nani akae kwanza. Hapo hata Magreti alicheka.

Kwenye dawati la mbele alikaa Paulina. Alikuwa amekataa kisomo miaka mitatu, akisema macho yake ni ya kuchambulia mchele tu. Kilichomleta ni barua za mwanawe. Filipo aliandikia mama yake, na msomaji alikuwa Magreti, maana hapakuwa na mwingine uani. Filipo alikuwa mtu wa salamu ndefu, lakini katikati ya salamu, kuanzia mwaka uliopita, alikuwa akichomeka maneno haya: *Mama, mwambie Magreti aombe uhamisho aje huku Tabora. Mimi hanisikii. Wewe atakusikia.*

Magreti alipofika hapo alikuwa akirukia habari za mvua.

Katika barua ya kwanza aliruka kwa hofu, ya pili kwa mazoea. Si kwamba hakumpenda mume wake. Alimpenda, na Desemba ilipoingia alihesabu siku. Lakini hapa alikuwa Mwalimu Magreti, na Tabora angekuwa mke wa Filipo. Na alijua kwamba Paulina akitamka, basi imetamkwa. Kwao neno la mama mkwe halikujadiliwa, lilitiiwa.

Jioni moja Paulina alimwambia, "Hii karatasi imejaa pande zote mbili, mwanangu. Mbona maneno yamekwisha upesi?" Kesho yake akaja darasani na daftari.

Magreti akamfundisha. Angefanyaje? Hakujua kufundisha vibaya. Herufi kwa herufi, alikuwa akimkabidhi mama mkwe wake ufunguo wa sanduku aliloficha kitu chake, na Paulina alijifunza haraka kuliko wote. Kalamu nyekundu ilikuwa moja kwa shule nzima na wino wake ulihesabiwa, kwa hiyo penye neno sahihi Magreti aliweka alama ya vema, na penye kosa aliandika herufi moja tu, R. Maana yake rudia. Wanafunzi wote waliijua.

Mwisho wa Julai Magreti aliitwa Kilosa kwenye semina ya siku tatu. Akamwachia mgeni darasa la kisomo: awape imla ya maneno kumi, asahihishe, arudishe karatasi. Ilikuwa mara yake ya kwanza kusahihisha peke yake, na alifanya kwa moyo wote.

Jumatatu Magreti aliporudi alikutana njiani na mzee Cleopa, mwanafunzi mgumu kuliko wote, amevaa shati la kanisani na karatasi mkononi.

"Mwalimu! Vema nane!"

Magreti akaisoma karatasi. Palipotakiwa jembe paliandikwa *njebe*, na kando yake alama ya vema, nyekundu, imenyooka vizuri. Akampongeza kwa sauti ndogo na kuendelea na njia.

Paulina alikuwa uani akichambua mchele. Jioni ile hakuja darasani. Magreti alipomuuliza, aliingia ndani akatoka na karatasi iliyokunjwa mara nne.

"Nimesoma vya kutosha," alisema. "Mzungu kaniambia nirudie mara kumi. Maneno kumi, rudia kumi. Hata maji, mwanangu? Maji nayo nimekosea?"

Maneno yote kumi yalikuwa sahihi. Kando ya kila neno palikuwa na R, kubwa, ya mwandiko mzuri.

Magreti aliona pale pale kwamba alama zimegeuzwa, ingawa hakujua kwa nini. Alikuwa na maneno mawili tu ya kusema. Hakuyasema. Alirudisha karatasi, akaenda kuteka maji, na njiani akagundua kwamba amefarijika, na kwamba anaona haya kwa kufarijika huko. Mtihani ulikuwa wiki mbili mbele. Akinyamaza tu, mambo yangebaki yalivyokuwa, na hakuna ambaye angesema amedanganya.

Alhamisi ikaja barua ya Filipo. Paulina akampa bila kuifungua. "Nisomee."

Magreti akasoma. Salamu, afya, salamu tena. Alipofika pale alipopazoea, akaruka. Kisha akainua macho. Miaka yote, hata alipokuwa hajui herufi moja, Paulina alikuwa akiitazama karatasi inaposomwa, kama mtu anayeangalia chungu chake kikiwa jikoni kwa mwenzake. Safari hii alikuwa ametazama chini, kwenye mchele. Hakuitaka tena ile karatasi. Magreti alimalizia barua kwa taabu, akavaa viatu, akaenda nyumba ya mgeni.

"Hii R ni ya nini?" alimuuliza, akiichora kwa kidole sakafuni, na alama ya vema kando yake.

Mgeni akashangaa. "Sahihi. Kwetu neno la sahihi linaanza na R. Na hii nyingine tunaweka penye kosa, mwanafunzi aone pa kurekebisha." Halafu akautazama uso wa Magreti, na wake mwenyewe ukawa mwekundu mpaka shingoni. "Hapa ni kinyume."

"Hapa hiyo ni vema. R ni rudia."

Mgeni alikaa kitandani. Akauliza, "Utaandika kwenye fomu?"

"Nitaandika. Sasa twende."

"Niseme nini?"

"Uamkie. Ukae chini kuliko yeye. Useme ulichokosea, usiongeze kitu."

Na ndivyo alivyofanya. Alipiga hodi, akaitikiwa ingia, akaketi chini kwenye vumbi na miguu yake mirefu isiyojua pa kwenda.

"Shikamoo mama."

"Marahaba."

"Mama, nimekosa mimi. R yangu ni ya kwetu. Hapa ni vema. Wewe una vema kumi."

Paulina alimgeukia Magreti. "Kweli?"

"Kweli, mama. Ulipata yote."

"Wewe ulijua lini?"

Magreti angeweza kusema leo. "Jumatatu," alisema.

"Leo Alhamisi," alisema Paulina, akarudi kwenye mchele wake. Kisha akamwambia mgeni aende akalete ile kalamu nyekundu, aje asahihishe upya mbele yake, kwa alama za hapa. Mgeni akakimbia kweli. Upande wa pili wa kijiji mzee Cleopa alipoelezwa habari hiyo alikataa katakata kutoa karatasi yake. Alisema vema haichukuliwi ikishatolewa, na kwamba yeye angesahihishwa kwa sheria za Uswidi mpaka kufa.

Mtihani ulipofanyika Paulina alifaulu. Cleopa hakufaulu, lakini aliendelea kuja. Septemba mgeni aliondoka na daftari lake, na kwenye fomu ya mwisho Magreti alieleza habari ya R kama ilivyokuwa, bila kuipunguza, kisha chini akaandika kwamba mwalimu huyu akikosea huenda mwenyewe kuketi chini na kusema. Alikaa muda mrefu na kalamu baada ya sentensi hiyo, maana haikuwa ya mgeni peke yake.

Siku mbili baadaye Paulina alimwita. Mkekani palikuwa na mkebe wa biskuti aliohifadhia barua, na nje ya mkebe barua nne zimepangwa. Katika kila moja, katikati, kando ya mistari ileile mitatu, palikuwa na herufi moja ya penseli, imekandamizwa sana na mkono usiozoea. R.

"Rudia," alisema Paulina.

Magreti akaichukua ya kwanza. Akasoma: Mama, mwambie Magreti aombe uhamisho aje huku Tabora. Akasoma na ya pili, na ya tatu, na ya nne, mistari ileile, na Paulina alifuata kwa kidole juu ya karatasi mpaka mwisho.

"Nisamehe, mama."

"Umesoma vizuri," alisema Paulina. "Jibu nimekwisha kuandika."

Akampa bahasha apeleke posta Kilosa. Magreti aliigeuza. Ilikuwa imebandikwa kwa ugali, kila upande, ikakauka ikawa ngumu. Njia nzima ndani ya basi aliishika mapajani kwa mikono miwili, yeye aliyesoma kila barua ya nyumba ile kwa miaka saba, na hakujua ndani mlikuwa na neno gani.