Shangazi na Kamba ya Vifungo

Kila asubuhi, kabla hajasukutua mdomo, shangazi yangu alikwenda kupima kisima. Alitoka na gauni la kulalia na koti la mumewe juu yake, akafunua kifuniko, akateremsha kamba yenye nati kubwa ya chuma mwishoni, akatega sikio. Nati ikigusa maji hulia twaa, naye hutikisa kichwa kama mtu aliyeitwa jina lake. Ukimwamkia wakati huo haitikii. Ukimwamkia mara ya pili anakunyooshea kidole.

Shangazi ni fundi cherehani, kwa hiyo ile kamba aliitengeneza kifundi. Kila baada ya mkono mmoja alishona kifungo cha shati, na cha kumi na nne kilikuwa kifungo kikubwa chekundu kilichotoka kwenye koti la mteja ambaye mpaka leo anakitafuta. Kuisoma ni rahisi. Vifungo vingi vikishuka, maji yako mbali.

Nyumba nane tunachota kwenye kisima hicho kimoja, kwa ndoo na kapi. Mwaka juzi tulichota kama tunakomoana, kikakauka, tukatembea wiki saba mpaka ng'ambo ya barabara kuu kuomba maji kwa watu ambao walikuwa wanatuchungulia kwanza dirishani kabla ya kufungua. Shangazi ana goti bovu. Zile wiki saba alizitembea kwa ubavu, kama kaa. Aliporudi na ndoo ya mwisho alisema hataki kitu kingine maishani ila kisima kile kisikauke tena.

Ndipo watu wa ua wakakubaliana. Kipimo cha Jumamosi asubuhi ndicho sheria ya wiki. Maji yakiwa juu ya kifungo chekundu, kila nyumba ndoo nane kwa siku. Yakiwa chini yake, nne. Na mpimaji ni shangazi, maana hakuna nguo aliyoipima yeye ikambana mtu.

Kiangazi cha safari hii mambo yakawa ya ajabu. Jumatatu, vifungo kumi na tatu. Jumatano, kumi na tatu na nusu. Ijumaa, kumi na nne na kipande, kile chekundu kimeshaingia shimoni. Jumamosi, kumi na tatu tena. Haya, ndoo nane, watu wanashukuru. Jumapili, kumi na nne.

"Kisima hiki kina adabu ya Jumamosi tu," shangazi alimwambia mama.

"Labda kinakuogopa, wifi," mama akasema, akainama kufunga kamba za viatu. Alikuwa amevaa ndara.

Shangazi alidhani kosa ni la kamba. Akailaza uani akaipima kwa futi yake ya kushonea. Sawa. Akaifua, akaianika, akaipima upya. Sawa. Safari hiyo alimpa mumewe ashike upande mmoja. Mumewe tunamwita Bwana Taratibu, kwa sababu akianza kupiga chafya unaweza kwenda dukani ukarudi ukamkuta bado anaitafuta. Aliishika kamba mpaka adhuhuri, maana hakuna aliyekumbuka kumwambia aiachie.

Mimi nilikuwa najua. Nina usingizi mwepesi, na dirisha letu linatazama kisima. Jumamosi, kabla hakujapambazuka vizuri, mama alitoka na madumu matatu aliyoyajaza jana yake, akayamimina kisimani polepole juu ya kitambaa alichokitandaza ukingoni ili maji yasilie. Alipoingia akanikuta macho.

"Nayarudisha yakapumzike," akasema.

Baada yake alikuja muosha magari na pipa kwenye mkokoteni. Akaja Mwenyekiti wa kisima, hana viatu, ana ndoo mbili na birika. Wakaja na wengine. Kila mmoja alitazama kulia na kushoto, akamimina, akaondoka akijiona mjanja peke yake duniani. Ua mzima ulikuwa unarudisha maji ya jana ili uruhusiwe kuyachota tena leo. Sikusema kitu. Anayemimina ni mama yangu, anayepima ni shangazi yangu, na mimi nakula kwa wote wawili.

Kilichowaumbua ni povu. Jumamosi moja kamba ilitoka na povu jeupe. Shangazi akalinusa, akafumba macho, akalinusa tena. Akamwita muosha magari.

"Jirani, mbona kisima kinanukia kama gari?"

"Si jambo jema hilo, mama? Usafi."

Jumamosi iliyofuata shangazi akawahi kuamka, akajificha nyuma ya mashuka yaliyoanikwa, juu ya stuli yake ya cherehani.

Bahati mbaya wadogo zangu pacha walikuwa wamelia usiku kucha, ua mzima ukachelewa kuamka, na watu wote wakatoka wakati mmoja. Walitazamana. Wakapanga foleni. Muosha magari hata alimpisha Mwenyekiti. "Tangulia, mzee, wewe una birika."

Shangazi akatoka kwenye mashuka. "Habari za asubuhi."

"Nzuri," ikajibu foleni.

"Mnafanya nini?"

"Tunachota," akasema Mwenyekiti.

"Na ndoo imejaa?"

"Hii ya zamani. Nimefuata nyingine."

"Na birika?"

Mwenyekiti akalitazama kama ndiyo kwanza analiona. "Hili limenifuata tu."

"Na wewe, wifi?"

"Mimi namtafuta huyo mtoto," mama akasema, akaninyooshea kidole dirishani, dumu likiwa begani.

Mwisho kabisa wa foleni alisimama Bwana Taratibu, ameshika beseni la kulowekea vitambaa.

"Baba, hilo si beseni langu?" shangazi akamuuliza mumewe.

"Nilisema nikusaidie," akasema. "Siku za Ijumaa unahuzunika sana."

Nadhani hapo ndipo palipomuuma shangazi.

Hakugomba. Aliwaambia wamimine yote, wasibakishe tone. Akapima: kumi na tatu. Akawaambia wageuze ndoo wakalie, wangoje jua lifike ukutani. Walikaa, wakapiga miayo, Mwenyekiti akakalia birika akaliponda. Jua likafika. Akapima tena mbele ya macho yao: kumi na nne na nusu.

"Yenu yameshanywewa na ardhi," akasema. "Ya kweli ndiyo haya. Mvua iko wiki saba mbele. Kwa ndoo nne tutaifikia. Kwa nane hatumalizi wiki mbili."

Mwenyekiti akakohoa. "Ila kikanuni, kipimo cha Jumamosi ni kile cha kwanza. Kilisema kumi na tatu. Maji yalikuwamo, hayakuwamo?"

"Yalikuwamo," akasema muosha magari.

"Basi. Kamba haiulizi maji yametoka wapi. Tupige kura, kila nyumba mkono mmoja. Wanaotaka nane?"

Mikono saba. Wa mama ulipanda huku macho yake yako chini.

"Wanaotaka nne?"

Wa shangazi. Wa Bwana Taratibu ulikuwa umefika begani, na mpaka leo hatujui ulikuwa unaelekea kura ipi.

Shangazi akaikunja kamba kwenye kiwiko kama anavyokunja futi, akamvisha Mwenyekiti shingoni, akaiweka sawa mabegani. Akaingia ndani, akatoka na mkoba na mkasi wake mkubwa, akapita getini kwa mwendo wake wa ubavu. Tulidhani anakwenda kununua uzi. Saa nne Bwana Taratibu akamfuata kumbembeleza arudi. Mama akamuuliza kubembeleza gani kwa kujitwika cherehani kichwani. Alikuwa bado anatafuta jibu alipopotelea konani.

Shangazi alikuwa amepanga chumba mtaa wa pili, kwa watu wanaochota ndoo nne na hawana maneno. Siku ya kumi na mbili ndoo zetu zikaanza kutoka na tope. Mwenyekiti akaenda mwenyewe kumwomba arudi, kamba shingoni. Alimkuta anampima mtu kiuno. Shangazi alimsikiliza mpaka mwisho, akamuuliza anataka shati au suruali.

Suruali imemkaa vizuri. Shangazi hajarudi.