Mizani ya Banda la Chai

Mwezi huu nilipopanda mizani kliniki, hapa Tukuyu mjini, muuguzi aliandika uzito wangu kwenye kadi, akanigeuzia nisome mwenyewe. Hakuutaja kwa sauti. Ukimya ule, ndugu yangu, ulinirudisha utotoni, kijijini Suma, kwenye banda la kupimia chai.

Nilikuwa ndio kwanza naanza kusoma juzuu. Mvua ya kwetu unaijua. Watu wazima walipokwisha kupima majani yao, tulijibanza bandani, na karani akatupima watoto mmoja mmoja ndani ya tenga lililoning'inia kwenye ndoano. Zamu yangu ilipofika alisoma uzito kwa sauti, kisha akasema, "Huyu aende kiwandani peke yake, lori limeshajaa." Banda zima likacheka. Tangu siku hiyo nikaitwa Lori. Hata madrasa, tulipopanga safu ya sala, wasichana wenzangu walininong'oneza, "Lori, kaegeshe ukutani." Mwalimu alisikia, akaendelea kunyoosha safu. Nikaenda ukutani, nikapazoea.

Bibi ndiye aliyenilea baada ya mama kufariki. Hakuuogopa mwili wangu, aliogopa midomo ya majirani, wasije wakasema yatima anakonda mikononi mwake. Alinipakulia mbalaga, zile ndizi zetu za kupika, zimelowa maziwa, na parachichi pembeni. "Ongeza, mama," aliniambia. "Wasiseme nakunyima." Sikuwahi kumwambia nimeshiba. Ningeanzaje, na yeye mwenyewe alikuwa akikwangua ukoko wa sufuria?

Nikakua, nikaolewa, nikafundisha watoto Kurani. Hospitali niliikwepa miaka mingi kwa sababu ya mizani tu. Mwishowe magoti yakanishinda, nikawa nasali juu ya kiti, pale pale ukutani, paji la uso halifiki mkekani. Hilo ndilo lililonipeleka kwa daktari. Nilimwambia sitafuti umbo, nataka kusujudu. Hakucheka. Alinipima presha na sukari, akanipa dawa, akanipeleka kwa mtaalamu wa lishe na kwa anayefundisha mazoezi ya magoti. Ndizi zikawa mbili, mboga nusu sahani. Siku ya kwanza kufunika sufuria ikiwa bado na chakula nililia. Niliona kama nausukuma mkono wa bibi.

Mwili umepungua polepole. Maneno hayakupungua, yamegeuka tu. Juzi huko Ibighi ninakoishi jirani aliniuliza, "Shangazi, unaumwa nini hutuambii?" Nilipompita nikasikia akimwambia mwenzake, "Yule amekwisha." Namshukuru Mungu, naendelea na njia. Lakini inauma vile vile.

Ijumaa iliyopita msikitini nilikiacha kiti, nikasimama katikati ya safu ya wanawake, bega kwa bega. Paji la uso likagusa mkeka. Alhamdulillahi.

Baada ya salamu wenzangu waliondoka, mimi nikabaki nimekaa. Banda la chai kule Suma sasa limebaki nguzo tu. Karani alishazikwa, na bibi pia, zamani. Nikasema polepole neno lile nililoshindwa kulisema utotoni: "Bibi, nimeshiba." Nikasubiri kidogo, kama mtu aliyezoea kujibiwa. Hakuna aliyeniambia niongeze.